Picha ya Mstari na Mafuvu ya Oldupai

Likifika somo la Historia la kidato cha kwanza, katika shule zetu nyingi picha ni ileile. Upande wa kushoto ameinama mnyama mwenye manyoya, mikono ikikaribia kugusa ardhi. Anayemfuata ameinuka kidogo. Wa tatu ameinuka zaidi na ameshika jiwe, wa nne ana mkuki, na wa mwisho, kulia kabisa, ni mtu aliyesimama wima na kutazama mbele. Wote wanatembea kuelekea upande mmoja, mmoja nyuma ya mwingine, kama watu walio kwenye foleni ya zahanati. Mwanafunzi huinakili picha hiyo katika daftari lake na kuandika majina ya Kilatini chini ya kila mmoja. Mtihani ukipita majina huyasahau, lakini picha haisahau.

Jumapili mwanafunzi huyohuyo huja kanisani, au hukaa katika mafundisho ya Kipaimara, na swali lake linajulikana kwa kila katekista wa Masumbwe: je, sisi tumetokana na Adamu au na nyani? Majibu anayopewa ni mawili. Darasani ameambiwa kwamba picha ni sayansi na sayansi imeshathibitisha. Kanisani huambiwa, mara nyingi kwa sauti kubwa, kwamba picha ni uongo wa wasioamini. Kijana ameachwa achague kati ya mwalimu wake na mhubiri wake. Wengi hawachagui. Huandika jibu la mwalimu kwenye karatasi ya mtihani na kuitikia jibu la mhubiri kanisani, na hivyo hujifunza wakiwa wadogo kwamba kuna mambo ya kusema na mambo ya kuamini, na hayo mawili si lazima yaonane. Naona mazoea hayo yanaidhuru imani kuliko fuvu lolote lililowahi kufukuliwa.

Katika makala hii naihakiki picha yenyewe. Nitaonyesha kwamba mwalimu anayeitetea na mhubiri anayeipinga wanakubaliana katika jambo moja, nalo ndilo lenye kosa: wote wanaamini kwamba habari za zamadamu ni mstari mmoja, mnyama huku na mtu kule, na katikati hatua za kupanda. Mifupa na nyayo zilizopatikana katika nchi yetu zinasimulia habari nyingine. Na kwetu sisi tunaoishi katika ukanda huu wa machimbo, kati ya Kahama na Geita, kosa la mstari huo si la darasani tu.

Mchoro ulikotoka

Picha tunayoinakili ina mchoraji na ina mwaka. Mwaka 1965 kilitolewa Marekani kitabu cha picha kiitwacho Early Man, na ndani yake mchoraji Rudolph Zallinger alichora viumbe kumi na watano wakitembea kutoka kushoto kwenda kulia, kwenye kurasa zilizokunjwa. Maelezo yaliyoandamana na mchoro yalikiri kwamba baadhi ya viumbe hao hawakuwa mababu zetu, bali matawi yaliyokatika. Lakini macho hayasomi maelezo. Macho yaliona msafara, na msafara ndio ulioenea duniani kote, ukapunguzwa watu ili utoshe kwenye ukurasa wa kitabu cha shule au kwenye ubao.

Tuitazame picha kama tunavyotazama mchoro wowote wenye ujumbe. Kwanza, hakuna mwanamke. Wote wanaotembea ni wanaume, ingawa hakuna ukoo ulioendelea kwa wanaume peke yao. Pili, hakuna anayekutana na mwenzake. Kila mmoja anatazama mgongo wa aliye mbele, kana kwamba mmoja alipotokea, aliyemtangulia alikuwa ameshaondoka. Tatu, katika nakala nyingi ngozi inazidi kuwa nyeupe kadiri msafara unavyosonga kulia, na mtu wa mwisho hafanani na mtoto wa Masumbwe hata kidogo. Mtoto wetu, akijitafuta katika picha hiyo, anajikuta yuko karibu na katikati. Hakuna mwalimu anayekusudia kumfundisha hivyo, lakini picha inamfundisha bila kusema neno.

Nne, na hili ndilo kubwa, picha inaonyesha kwamba kulikuwa na safari yenye mwisho uliopangwa, na kwamba walio nyuma walikuwa nakala zisizokamilika za aliye mbele. Kwa maneno mengine, ni ngazi. Na ngazi ikishachorwa, mtu hujiuliza nani yuko juu na nani yuko chini.

Ardhi yetu inavyosimulia

Tarehe 17 Julai 1959, katika bonde la Oldupai ndani ya Ngorongoro, Mary Leakey aliona meno yakichungulia kwenye mteremko. Mume wake, Louis, alikuwa amebaki kambini akiumwa. Vitabu vingi vya shule huandika tu kwamba fuvu liligunduliwa na Dk. Leakey, na wanafunzi hudhani ni mume. Kumbe ni mke aliyeliona. Vipande vilivyopatikana vilikuwa mamia, na kuviunganisha ilikuwa kazi ya subira ya siku nyingi. Lilipokamilika, fuvu hilo lilikuwa na meno ya magego makubwa ajabu na mfupa uliosimama utosini kama upanga wa jogoo, mahali pa kushikia misuli mikubwa ya taya. Louis alilipa jina la Zinjanthropus, kutokana na Zinj, jina ambalo Waarabu wa kale waliliita pwani yetu. Mwaka 1961 wataalamu walipima majivu ya volkano yaliyokuwa katika tabaka hilo na kupata umri wa takriban miaka milioni 1.75. Vipimo vya karibuni vimelisogeza nyuma kidogo tu.

Kwa kuwa zana za mawe zilipatikana mahali hapohapo, Louis Leakey alitangaza kwamba Zinj ndiye aliyezitengeneza na kwamba ni babu yetu. Habari hiyo ndiyo iliyoingia vitabuni, na mpaka leo wapo wazee waliosoma zamani wanaoweza kukuambia kwamba mtu wa kwanza duniani aliitwa Zinjanthropus.

Lakini ardhi ilikuwa bado inasema. Mwaka 1960, umbali mdogo kutoka lilipotoka fuvu la Zinj, Jonathan, mtoto wa Leakey, alipata taya la chini, vipande vya fuvu na mifupa ya mkono wa kiumbe mwingine aliyekufa akiwa bado mdogo. Meno yake yalikuwa madogo kuliko ya Zinj, na ubongo wake mkubwa zaidi. Mwaka 1964 Louis Leakey, Phillip Tobias na John Napier walitangaza jina lake: Homo habilis, maana yake mtu mwenye mikono stadi. Alikuwa wa umri uleule na Zinj, katika bonde lilelile, kando ya ziwa lilelile lililokuwapo siku hizo. Sifa ya kutengeneza zana ikahamia kwake. Zinj akatoka kwenye nafasi ya babu akawekwa kwenye nafasi ya ndugu wa mbali, na leo anaitwa Paranthropus boisei.

Mwaka huohuo wa 1964, huko Peninj karibu na Ziwa Natron, Kamoya Kimeu kutoka Kenya alipata taya zima la chini la kiumbe wa aina ya Zinj. Ikaonekana wazi kwamba Zinj hakuwa mtu mmoja mwenye ulemavu wa taya, kama ambavyo mtu angeweza kudhani. Lilikuwa kundi kamili, lenye makazi na vizazi vyake.

Bado kulikuwa na wataalamu, hasa Marekani, walioshikilia kwamba katika wakati wowote haiwezekani kuwa na aina zaidi ya moja ya zamadamu duniani. Kwao mstari ulikuwa sheria: tofauti zilizoonekana zilikuwa za mume na mke, au za mtu na mtu. Hoja hiyo ilivunjwa na mafuvu mawili ya Koobi Fora, mashariki ya Ziwa Turkana nchini Kenya. Moja, lililopatikana 1969, ni la aina ya Zinj, lenye upanga utosini. La pili, lililoonwa na Bernard Ngeneo mwaka 1975, ni la Homo erectus, ambaye uso na ubongo wake unakaribia wetu. Yote mawili yanatoka katika tabaka za umri unaokaribiana, na hakuna mume na mke wa aina moja wanaotofautiana kiasi kile. Mwaka 1976 matokeo yalichapishwa, na nadharia ya aina moja haikuinuka tena.

Nyayo nazo zimeongeza ushahidi. Mwishoni mwa mwaka 2024 watafiti walichapisha habari za nyayo za Koobi Fora zenye umri wa takriban miaka milioni 1.5. Kwenye tope moja la kando ya ziwa walipita zamadamu wa aina mbili, mmoja akitembea karibu kama sisi na mwingine kwa namna yake, katika muda wa saa au siku chache kati yao. Huenda walionana.

Huko Laetoli, kusini ya Oldupai, tunarudi nyuma hadi miaka milioni 3.66. Nyayo maarufu zilizofukuliwa na kundi la Mary Leakey mwaka 1978 zinajulikana kwa Watanzania wengi. Zisizojulikana ni nyayo tano zilizopatikana miaka miwili kabla, mahali palipoitwa A. Zilikuwa za ajabu kiasi kwamba baadhi ya wataalamu walizidhania ni za dubu aliyesimama kwa miguu miwili, nazo zikasahauliwa. Mwaka 2019 zilifukuliwa upya, na watafiti, miongoni mwao Mtanzania Charles Musiba, wakatangaza mwaka 2021 kwamba ni za zamadamu, lakini si wa aina ile ya nyayo za 1978. Mguu wake ulikuwa mpana, na alikuwa akiupitisha mbele ya mwenzake anapotembea. Kwa hiyo hata katika umri ule wa mbali, juu ya majivu yaleyale, walipita wenye mwendo wa namna mbili.

Mchimbaji wa Masumbwe anaweza kuelewa ushahidi huu kuliko msomi wa mjini. Anajua kwamba anaposhuka kwenye duara, udongo wa juu uliwekwa baada ya ule wa chini, na kwamba kinachotoka pamoja katika tabaka moja lisilovurugwa kilikuwa pamoja. Miamba yetu ya dhahabu ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, mkubwa mno kuweka mifupa ya mnyama yeyote, ndiyo maana dhahabu iko kwetu na mafuvu yako Ngorongoro. Lakini kanuni ya tabaka ni moja. Na tabaka za Oldupai, Natron, Turkana na Laetoli zinakataa kupangwa kwenye mstari.

Mzee anapohesabu ukoo

Kwa nini basi mstari unatuvutia hivyo? Kwa sababu kila anayehesabu nasaba yake kurudi nyuma hupata mstari. Mzee wa Kisumbwa au wa Kisukuma akiulizwa yeye ni nani, ataanza na baba yake, baba wa baba yake, na kuendelea hadi pale kumbukumbu inapokoma. Hadanganyi. Lakini hataji baba wadogo waliokufa bila watoto, shangazi walioolewa mbali, wala matawi yaliyohamia upande wa pili wa mto na kupotelea huko. Siku zile kaya ilikuwa imejaa watu, na hakuna aliyejua ni yupi kati yao ambaye siku moja mjukuu angemtaja kwa majina.

Maandiko Matakatifu yanafanya hivyohivyo. Mathayo anafungua Injili yake kwa mstari wa majina kutoka Abrahamu hadi Yesu. Katika mstari huo Abrahamu anamzaa Isaka, na Isaka anamzaa Yakobo. Ishmaeli hayumo. Esau hayumo. Mtu asiyesoma kitabu cha Mwanzo angedhani kwamba katika hema la Abrahamu alikuwamo mtoto mmoja tu. Lakini Mwanzo inasimulia habari za wale walioachwa nje ya mstari, tena kwa upole. Mungu anaisikia sauti ya Ishmaeli akilia jangwani na kumfungulia mama yake macho aone kisima. Esau anakuwa taifa, na siku ya kukutana tena anamkumbatia ndugu yake aliyemnyang'anya. Mstari wa Mathayo ni wa kweli kwa kazi yake, nayo ni kutuonyesha Masiha ni wa ukoo gani. Ukigeuzwa kuwa hesabu ya watu wote ambao Mungu aliwajali, unakuwa uongo.

Ndivyo ilivyo kwa picha ya darasani. Ukianza na sisi na kurudi nyuma, utapata mstari, na hakuna ubaya. Kosa ni kuugeuza mstari huo na kuutembeza mbele kana kwamba hakuna mwingine aliyekuwapo, na kana kwamba wote walikuwa wanatuelekea sisi. Zinj hakuwa njiani kuja kwetu. Aina yake iliishi katika Afrika Mashariki kwa takriban miaka milioni moja, ikila vyakula vyake na kulea watoto wake. Sisi, kwa mabaki ya zamani zaidi yanayojulikana, yale ya Jebel Irhoud nchini Morocco, tuna takriban miaka 300,000 tu. Kumwita Zinj jaribio lililoshindwa ni kiburi cha mtu aliyeingia kwenye karamu jioni na kuwacheka waliokuwapo tangu asubuhi.

Hoja za mimbarani

Nimekosoa darasa, sasa niseme juu ya mimbari. Hoja inayosikika zaidi katika mahubiri na mikutano ya injili ni hii: kama mtu alitokana na nyani, mbona nyani bado wapo na hawageuki? Waumini hucheka na kupiga makofi. Lakini hoja hiyo inaipiga picha ya mstari, na haiwagusi zamadamu wenyewe. Katika foleni, wa nyuma anapaswa kuondoka ili wa mbele awepo. Katika ukoo haiko hivyo. Hakuna anayemuuliza jirani yake: kama wewe na binamu yako mna babu mmoja, mbona binamu yako bado yupo? Sokwe wa Gombe na Mahale hawakuwa mababu zetu, na hakuna mtaalamu makini anayedai hivyo.

Hoja ya pili ni kwamba wanasayansi hubadilisha maneno: jana Zinj alikuwa babu, leo si babu. Ni kweli, walibadilisha, na ndani ya miaka mitano tu. Lakini tuangalie nini kiliwabadilisha. Taya na mkono vilitoka ardhini, na aliyekuwa amelitangaza fuvu lake duniani kote akakubali mbele ya dunia hiyohiyo kwamba sifa ile ni ya mwingine. Sisi tunaohubiri toba hatupaswi kuliona jambo hilo kuwa aibu.

Askofu mmoja wa Afrika, Agostino wa Hippo, aliyeishi katika nchi ambayo leo ni Algeria, aliwaonya Wakristo wa wakati wake wasitumie Maandiko kusema mambo ya ovyo juu ya dunia na nyota mbele ya watu wanaoyajua, kwa sababu wasikilizaji wakiona tumekosea katika wanayoyajua, hawatatuamini tunapowaambia juu ya ufufuko. Onyo hilo lina miaka zaidi ya 1,600 na bado halijachakaa. Kanisa limejaribu kulifuata. Mwaka 1950 Papa Pius wa Kumi na Mbili, katika barua yake Humani Generis, aliruhusu wataalamu kuchunguza asili ya mwili wa mtu kutokana na viumbe waliotangulia, akisisitiza kwamba roho huumbwa na Mungu moja kwa moja. Juu ya wazo la kwamba wazazi wa kwanza walikuwa wengi alikuwa na tahadhari kubwa, na wanateolojia wanaendelea kulitafakari. Mwaka 1996 Papa Yohane Paulo wa Pili aliwaandikia wanasayansi wa Chuo cha Kipapa kwamba nadharia ya mageuko imeshapita hatua ya kuwa dhana tu. Mhubiri anayesema kwamba Mkatoliki hawezi kuyasikiliza mafuvu ya Oldupai anasema zaidi ya Kanisa lake.

Mwanafunzi atauliza: je, Zinj alikuwa na roho kama yetu? Je, Homo habilis aliomba? Fuvu lina mahali pa ubongo na mahali pa misuli, lakini halina alama ya sala. Jawabu la haki ni kwamba mifupa inatuambia walikuwapo, waliishi na walikufa. Imani inatuambia kwamba hakuna kilichoishi nje ya mapenzi ya Muumba, wala shomoro aangukaye. Hayo mawili yanatosha kumpa kijana mahali pa kusimama.

Ngazi na damu ya majirani

Sasa nifike kwenye sababu iliyonifanya niandike. Wazo la ngazi, kwamba wapo walio watu kamili na wapo walio nusu, halikuletwa kwetu na picha ya Zallinger. Tulikuwa nalo. Katika ukanda huu wa Shinyanga na Geita, wazee wa kike wameuawa kwa mapanga kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu, macho yaliyochomwa na moshi wa kinyesi cha ng'ombe na kuni za miaka yote waliyotupikia. Ndugu zetu wenye ualbino wamewindwa kama wanyama, kwa sababu mganga alimwambia mchimbaji kwamba kiungo cha mtu huyo kitavuta dhahabu. Ili kufanya jambo hilo, muuaji alihitaji kwanza kuamini kwamba anayemkata si mtu: ni mzimu, hafi bali hutoweka. Maneno hayo tumeyasikia sokoni, kwenye magari ya abiria na kwenye maduara.

Mwezi Septemba 2009, Mahakama Kuu ikiketi Kahama iliwahukumu adhabu ya kifo watu watatu kwa kumuua mvulana wa miaka 14 mwenye ualbino. Mvulana huyo aliishi Wilaya ya Bukombe, ambayo wakati huo ilikuwa Mkoa wa Shinyanga na ilitujumuisha sisi wa Masumbwe. Kwa miaka iliyofuata watoto wenye ualbino walipelekwa kulindwa katika kituo cha Buhangija, Shinyanga, mbali na mama zao, kwa sababu hawakuwa salama vijijini mwao. Waliowaogopesha walikuwa majirani, na wengi wa majirani hao walibatizwa.

Hapa ndipo mafuvu ya Oldupai yanapotupatia neno ambalo hatukulitarajia. Kulikuwa kweli na wakati ambapo mtu aliyesimama kando ya ziwa hapa Tanzania angeweza kutazama ng'ambo na kuona kiumbe mwingine akitembea kwa miguu miwili ambaye si wa aina yake. Wakati huo umepita. Zinj hayupo, habilis hayupo, erectus hayupo. Hata Neanderthal wa Ulaya na Asia, wa mwisho wao walitoweka takriban miaka 40,000 iliyopita. Leo duniani kote imebaki aina moja tu inayotembea wima na kusema. Ualbino ni hali ya kurithi inayopunguza rangi katika ngozi, nywele na macho, na huweza kutokea katika ukoo wowote uliomo ndani ya aina hiyo moja. Anayetafuta nusu mtu kati ya walio hai anatafuta kitu kisichokuwapo. Amechelewa kwa maelfu ya miaka.

Mwanzo inasema jambo hilohilo kwa lugha yake, inapomweka mtu chini ya mfano wa Mungu bila kuweka daraja. Mfano huo haukugawanywa kwa rangi ya ngozi wala ya macho. Ndiyo maana naona kwamba mwalimu na mhubiri, wakiacha kugombana juu ya foleni ambayo haikuwapo, wanaweza kusimama pamoja mahali ambapo mtoto mwenye ualbino anawahitaji wote wawili.

Cha kufundisha

Kwenye njiapanda ya barabara iendayo Oldupai, tangu mwaka 2019, umesimama mnara wenye mafuvu mawili makubwa: la Zinj na la Homo habilis, yote mawili juu ya msingi mmoja. Waliobuni mnara huo wangeweza kuweka fuvu moja maarufu na kuandika chini yake babu wa watu wote. Hawakufanya hivyo. Waliweka mawili, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Kama mchoro unaofundisha, naupa alama nyingi kuliko picha ya mstari, na ningependa kila shule ya sekondari ya Wilaya ya Mbogwe iubandike ukutani mahali pa ile nyingine.

Walimu wa Historia, chora mti wenye matawi, na tawi lililokatika lichore nalo. Weka wanawake. Mtaje Mary Leakey, mtaje Kamoya Kimeu, mtaje Bernard Ngeneo, watoto wajue kwamba macho ya Waafrika nayo yaliona. Makatekista, msiogope swali la Adamu na nyani. Anzeni na ukoo wa Mathayo na muulize Ishmaeli yuko wapi, kisha muende Oldupai. Na nyinyi wachimbaji mnaosoma makala hii, mnaojua kuliko sisi wote kwamba jiwe halisemi uongo, mganga akikuambia kwamba kuna mtu ambaye si mtu, mwambie kwamba ardhi imeshachimbwa na haikuonyesha hivyo.